Nyasi za Kukalia, Nyasi za Kula

Kama kuna kitu ninachokijua hapa duniani ni nyasi kavu, na ndiyo maana niliharibu. Asiyejua angeuliza. Mimi sikuuliza mtu.

Nitaeleza. Mimi ni fundi makochi. Siku hizi kila kochi hujazwa sponji, lakini wapo wateja wenye viti vya babu zao, vile vya mbao nzito vyenye mgongo ulionyooka, na viti hivyo ndani vina nyasi. Mteja wa namna hiyo hataki kusikia habari za sponji. Anataka kiti cha babu yake kirudi kilivyokuwa, na fundi wa kukirudisha katika mji wetu ni mimi peke yangu. Nyasi za kujazia nazijua kwa kuzishika tu. Nikifumba macho nikatia mkono ndani ya robota, nitakwambia zilikatwa lini, zilipigwa jua kiasi gani, na kama zitakaa miaka mitano chini ya makalio ya mtu bila kutoa harufu.

Basi mama mkwe alipokuja kukaa kwetu na simbilisi wake wawili, akasema chakula chao kikubwa ni nyasi kavu, nilicheka moyoni. Nikaona nimepewa penalti na golikipa hayupo.

Mama mkwe alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na moja. Alitunza chupa, darubini, mizani, na kibanda cha simbilisi waliofugwa kwa ajili ya masomo. Kama hujawahi kumwona simbilisi, ni mnyama wa kutosha kwenye viganja viwili, mnene, hana mkia, na akisikia mfuko wa mboga ukifunguliwa hupiga kelele ambazo hazilingani na mwili wake. Mama alipostaafu, shule ikasema haihitaji wanyama tena, naye akaondoka na wawili wa mwisho, wote majike. Wa kahawia, mwenye nywele zilizosimama kichwani, anaitwa Mkuu wa Shule. Wa pili ni mweupe mwenye madoa meusi, humfuata mwenzake kila aendako na kukubaliana naye kwa kila jambo. Huyo anaitwa Msaidizi.

Mwezi mmoja kabla hajaja kwetu, mama aliteleza bafuni kwake. Anaishi peke yake. Alilala kwenye sakafu ile tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, jirani alipokuja kuuliza mbona leo redio hailii. Nyonga haikuvunjika, ila daktari alimpa fimbo na onyo. Tangu siku hiyo mke wangu akawa analala na simu chini ya mto, na ikilia hata kwa tangazo la kampuni ya simu anaruka. Tulimbembeleza mama ahamie kwetu moja kwa moja. Akasema, "Nitakuja wiki mbili, nione." Sote tulielewa maana yake. Akiridhika atabaki, asiporidhika atarudi kwenye bafu lile lile.

"Naomba tu akae," mke wangu aliniambia asubuhi ya siku moja kabla mama hajafika, akifunga vifungo vya blauzi yake ya kazini. "Sitakuomba kitu kingine mwaka huu."

Nami nilitaka akae. Mtu asidhani nilikuwa nafanya hisani. Nampenda mke wangu, na nilikuwa nimechoka kumwona akiishi roho mkononi.

Mama alifika Jumamosi kwa pikapu, na begi moja, kizimba cha simbilisi, na gunia dogo lenye nyasi za kutosha siku nne. Kizimba tulikiweka kwenye ukumbi mdogo kati ya sebule na karakana yangu, mahali penye mwanga lakini jua halipigi.

"Hilo la nyasi niachie mimi, mama," nikasema.

"Nisikusumbue, baba. Kuna aina fulani nimezoea kuwanunulia, nitakueleza..."

"Usumbufu gani, mama? Nyasi ndiyo kazi yangu."

Akainamisha kichwa kwa adabu. Mke wangu, ambaye ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka na haamini gunia lolote mpaka alipime mwenyewe, aliniangalia kwa pembe ya jicho. Tulipofika jikoni akaniuliza, "Una hakika?"

"Mtu akikuuliza kilo moja ina gramu ngapi, utajisikiaje?"

Akageuka akawasha jiko. Nikaona nimemweza.

Jumatano nikaenda kwa bwana anayeniuzia nyasi. Watu wote wanamwita Robota, jina alilolipata kwa umbo wala si kwa biashara. Robota alinionyesha kwanza nyasi za mwaka huo. Zilikuwa bado za kijani kijani, zina mashina yake, majani yake na hata vichwa vya mbegu, na zilinukia ghala zima. Nikazikataa papo hapo. Nyasi zenye harufu ndani ya kochi ni kesi. Baada ya mwezi mteja anakurudia akikuuliza nani amefia humo. Nilitaka nyasi zilizotulia. Tukachimba mpaka nyuma ya ghala, nikapata robota la misimu mitatu, rangi ya dhahabu mwanzo mpaka mwisho, limepigwa na kupepetwa hata punje ya mbegu halina. Ukilibonyeza linarudi. Ukilinusa husikii kitu.

"Nani mteja?" Robota akauliza.

"Mama mkwe."

Akalirudisha lile, akanitolea jingine lililokuwa chini kabisa, ambalo alisema huwa anawawekea watu maalumu.

Nilifika nyumbani nimevimba kichwa. Nikalifungua robota mbele ya mama pale ukumbini. Alichukua nyasi chache, akazizungusha kati ya vidole, akazipeleka puani, akakaa nazo hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatabasamu.

"Ahsante sana, baba. Nyasi safi hizi."

Tukawawekea. Mkuu wa Shule aliingia katikati ya lundo, akachimba, akajizungusha mara tatu, akalala. Msaidizi akamfuata, akalala pembeni yake. Sijawahi kupata wateja walioridhika haraka namna ile.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Wamefika."

Lazima niseme hapa kwamba mimi na mama mkwe tulikuwa tunaheshimiana kupita kiasi. Tangu nimwoe binti yake, hatujawahi kupishana hata kwa neno moja, na kwa sababu hiyo hatujawahi kuzungumza. Kochi la sebuleni kwangu, kama kochi la nyumbani kwa fundi yeyote, ndilo bovu kuliko yote mtaani. Springi moja imechomoza upande wa kushoto, na kila mwaka naapa nitaitengeneza. Mama alikalishwa upande huo huo. Nikamuuliza kama amekaa vizuri. "Vizuri sana," akasema, amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Naye akipika supu haweki chumvi kabisa, kwa sababu daktari amemkataza. Mimi nilikunywa bakuli mbili nikisifia. Akaniongezea la tatu. Nikajikaza kisabuni, nikalimaliza, nikaomba anifundishe anavyoipika.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, kila mmoja akimshukuru mwenzake.

Kila asubuhi mama alikuwa akitoka mapema na fimbo yake na mkoba. Daktari, alisema, amemwambia anyooshe miguu. Mimi niliona ni dalili nzuri. Mtu anayetoka kutembea asubuhi ni mtu anayeuzoea mtaa. Nilimwambia hivyo mke wangu, naye kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akalala usingizi wa kweli, simu ikiwa juu ya kabati.

Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa karakana nikinyoosha kitambaa, mke wangu akaingia ametoka kazini, bado na mkoba begani, ameshika daftari.

"Mama anaondoka Jumamosi," akasema.

Niliweka stepla chini. "Nani kasema?"

"Ameshampigia dereva wa pikapu. Begi liko tayari. Nimemuuliza kwa nini, anasema wiki mbili zimetimia, hataki kutusumbua. Nimemuuliza kama kuna kitu hapendi, anasema kila kitu kizuri." Akakaa kwenye kiti kisichokuwa na mgongo. "Umemfanya nini?"

"Mimi? Nimekunywa supu yake mpaka nimevimba."

"Basi soma hii."

Lilikuwa daftari la mama. Kwa mazoea ya maabara, kila Jumapili huwapima simbilisi wake kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito. Jumapili ya kwanza hapa kwetu, Mkuu wa Shule alikuwa na gramu elfu moja na kumi. Jumapili iliyofuata alikuwa na mia tisa na thelathini. Msaidizi, mwaminifu kama kawaida yake, naye alikuwa ameshuka.

"Hawa hawali," mke wangu akasema. Mizani ndiyo lugha yake, na aliisoma bila kupepesa. "Hawali nyasi zako."

"Haiwezekani. Mama mwenyewe amesema safi."

"Mama angesema safi hata ungemletea vumbi la randa. Wewe ni mkwe." Akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Anawachukua anarudi nao kwake ili wale. Na sakafu ile ya bafu bado ni ile ile."

Nilikwenda kwenye kizimba. Nyasi zangu zilikuwa vile vile nilivyoziweka, ila zimebonyea mahali pawili, pakubwa na padogo. Pembeni kulikuwa na majani mabichi machache yaliyoliwa nusu, na sikujua yametoka wapi.

Asubuhi ya Ijumaa nikamfuata mama. Sijivunii kumfuatilia mama mkwe mtaani, lakini ndivyo nilivyofanya. Alipita kwa fundi baiskeli, akapita kwenye nyumba yenye geti la bluu, akafika kwenye mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Akaangalia kushoto na kulia. Kisha akailaza fimbo chini, akashuka kwenye ukingo wenye unyevu kwa makalio, polepole, akatoa mkasi mrefu wa maabara kwenye mkoba, akaanza kukata nyasi.

Kiatu chake kimoja kiliteleza. Alishika shina la kichaka akabaki ananing'inia hapo, nyonga ile ile ikiwa upande wa mtaro, na mimi nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia tangu niache shule. Nikamshika kwapani nikampandisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamka mapema."

"Na wewe pia, mama."

"Nanyoosha miguu."

"Na mkasi?"

Akautazama mkononi mwake. "Mkasi nao ulikuwa umekaa sana."

Nikamwokotea fimbo, nikabeba mkoba. Tulirudi taratibu, na njiani nikamuuliza kwa upole wote niliokuwa nao nyasi zangu zina kasoro gani. "Hazina kasoro, baba," akasema. "Ni hawa wamezeeka, wana deko." Nikamuuliza tena tulipofika kwa fundi baiskeli. Akanisifia kwa kumjali.

Nilikasirika, na nisiseme uongo, nilimkasirikia yeye kwanza. Mtu mzima anashuka mtaroni na nyonga ya juzi, eti ili asimwambie mkwewe kwamba nyasi zake hazifai. Nilipofika mlangoni hasira ikageuka ikanirudia mimi, kwa sababu nilikumbuka kwamba siku ya kwanza kabisa alianza kunieleza, na mimi nikamkata kauli.

Kwake nisingepata jibu. Nikatia mfukoni nyasi chache za robota langu, nikaenda duka la vyakula vya mifugo karibu na kituo cha mafuta. Mwenye duka ni mama mmoja mfupi, miwani yake huning'inia shingoni na haipandi puani kamwe.

"Nina simbilisi wawili hawataki kula hizi," nikamwambia.

Akazichukua, akazinusa, kisha akanisogezea puani. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," nikasema, na bado nilikuwa na fahari kidogo.

"Ndiyo hivyo. Wewe ungekula chakula kisicho na harufu yoyote?" Akazikunja kiganjani. "Hizi umezitoa kwenye kochi?"

Nikamwambia bado hazijaingia. Alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia alinipeleka nyuma, kwenye marobota yake, akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nikatulia nikafundishwa. Meno ya simbilisi hayaachi kuota mpaka anakufa, akasema, na yanapunguzwa na kutafuna tu, kutwa nzima. Tumbo lake nalo halitakiwi kusimama hata siku moja. Kwa hiyo nyasi ndizo mlo, mboga ni kitoweo tu. Na nyasi za mlo lazima ziwe na uhai fulani ndani yake.

Nilitia mkono kwenye robota la kwanza nililolifikia, laini kabisa, majani matupu. Mkono wangu ulilipenda.

"Hizo za kumbembelezea mgonjwa," akasema. "Mzima anataka shina. Njoo hapa."

Akachomoa shina kwenye robota lingine akalivunja, likalia kidogo. Akanionyesha rangi ya kijani iliyofifia bila kuisha, majani yaliyobaki kwenye shina, vichwa vya mbegu hapa na pale. Akabeba konzi moja mpaka mlangoni penye jua akaikung'uta, nikaona vumbi lililotoka lilikuwa dogo sana. Akanipa ninuse. Zilinukia asubuhi ya kufyeka uwanja. Zilikuwa, kwa kila kipimo nilichotumia miaka yote, nyasi mbovu kabisa, na zilifanana moja kwa moja na zile nilizomkatalia Robota.

Nikalipia robota hilo. Hapo ningeondoka ningekuwa nimejifunza. Lakini wakati natoka niliona karibu na mlango mfuko wa majani ya kijani kibichi, yamekauka bila kupoteza rangi, na bei yake mara mbili.

"Hiyo nini?"

"Lusina. Ghali kwa sababu ina nguvu sana," akasema, na hapo hapo akaingia mteja wa chakula cha kuku, akageukia huko. Sikuuliza ina nguvu kwa nani. Mkwe anayetoka mkono mtupu mbele ya kitu cha bei ya juu ni mkwe gani? Nikaununua.

Nilimkuta mama ukumbini amekaa kwenye kigoda mbele ya kizimba, begi lake limefungwa, liko karibu na mlango. Nikaweka robota na mfuko miguuni pake. Akashika nyasi za robota, akavunja shina, akanusa. Alifumba macho. Ndani ya kizimba Msaidizi alipiga kelele bila kusubiri ruhusa ya Mkuu. Kisha mama akatia mkono kwenye mfuko wa lusina, akayatoa majani yale ya kijani, na tabasamu likaja usoni pake, lile lile la Jumatano ya kwanza.

"Ahsante sana, baba. Zote nzuri."

Nikakaa chini sakafuni.

"Mama," nikasema, "mteja akija kujaribu kiti, mimi huwa simsikilizi anasema nini. Namwangalia mdomo. Kiti kikimchoma anatabasamu hivyo hivyo unavyotabasamu sasa hivi, na mimi kiti hicho nakifumua upya hata kama ameshakisifia. Leo nimekuona unaning'inia mtaroni. Nimeogopa, mama. Na binti yako amechoka kulala na simu. Niambie."

Aliangalia fimbo yake. "Nikikwambia, utasema mzee huyu amekuja juzi na ameshaanza kutuamrisha."

"Nataka utuamrishe."

"Mtu akikaa kwa mkwewe anakaa kwa adabu."

"Adabu ndiyo imekupeleka mtaroni."

Simbilisi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kwenye waya, wanatutazama. Halafu mama akanyoosha fimbo, akausukuma mfuko wa lusina mpaka ukagonga goti langu.

"Hii rudisha," akasema.

"Mbaya?"

"Si mbaya. Hii ni ya watoto na wenye mimba. Hawa ni vikongwe. Wakila hii kila siku watapata mawe kwenye kibofu, na hutakaa wewe kuwauguza. Rudisha. Na uchukue hela yako yote, wasikukate."

"Na zile za kwanza?"

"Zile godoro." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imepata mwendo. "Wewe siku ile mimi nilidhani umewaletea godoro, nikasema kijana huyu ana moyo, nikakaa nasubiri chakula kije. Siku ya tatu ndiyo nikaelewa kwamba chakula chenyewe ndiyo hicho. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka."

"Ungeniambia."

"Ungenipa nafasi? Nimeanza kukueleza, ukaniambia nyasi ndiyo kazi yako. Unakatiza watu, wewe, una tabia hiyo. Na ile supu, mbona unaimeza kama dawa ya minyoo? Chumvi iko mezani, mimi ndiye niliyekatazwa, siyo wewe. Na hilo kochi lako lina chuma kinanichoma hapa, tangu Jumamosi niliyofika. Fundi gani unakalisha wageni kwenye msumari? Na nyundo saa kumi na moja alfajiri, nani mteja anayetaka kochi saa kumi na moja?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Usinijibu ndiyo mama. Weka nyasi, wanyama wana njaa."

Nikaweka. Nilikuwa nagombezwa na mikono yangu inacheza kwa furaha, sitaficha. Mkuu wa Shule alivuta shina refu kuliko yeye, akaanza upande mmoja, na Msaidizi akalikamata upande wa pili. Walitafuna wakielekea katikati bila kuachia. Sauti ya kutafuna kwao ilijaza ukumbi, ndogo na ya haraka, nami nilisikiliza kwa raha zote.

Nilipogeuka nilimwona mke wangu mlangoni, ametoka kazini, mkoba bado begani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono.

"Mama," akasema, "anagombezwa?"

"Anaelekezwa," mama akasema.

Mke wangu akakaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye yakawa machozi ya kweli kidogo, kisha akarudia kucheka. Lakini begi lilikuwa bado karibu na mlango. Mama hakusema lolote kuhusu begi jioni ile, wala hakumpigia dereva kumwambia asije, na sisi hatukuthubutu kumuuliza. Mke wangu aliirudisha simu chini ya mto.

Jumamosi saa tatu pikapu ikapiga honi. Mke wangu alimimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Mimi nilitoka nje nikasimama barazani na mikono yangu, sijui niipeleke wapi. Dereva akashuka, akamsalimia mama, akainama kulichukua begi.

"Acha hilo," mama akasema. "Hilo halitoki. Utarudi kule kwangu na huyu, mlete kitanda changu, kabati la vyombo na redio. Kitanda kina skrubu nane, na nitazihesabu. Funguo anazo jirani, mwambie nimemsalimia na asisubiri tena redio ilie."

Ndani nikasikia kikombe kimewekwa mezani na mke wangu akivuta pumzi. Nilitaka kusema kitu, kitu kizuri cha kustahili siku hiyo. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari.

"Na wewe umesimama hapo unakodoa macho," mama akaniambia. "Skrubu utazifungua kwa meno? Kachukue bisibisi."

Hakuongeza tafadhali. Nikaenda kuchukua bisibisi.